Galaksi 24 za Hubble: r ilisema kweli, mteremko ukakosea mara saba

Mwaka 1929 Edwin Hubble, mwanafalaki wa kituo cha Mount Wilson huko California, alichapisha jedwali la galaksi 24. Kila galaksi ina namba mbili: umbali wake kutoka kwetu, na kasi ambayo inatukimbia au inatusogelea. Jedwali hilo dogo ni miongoni mwa yaliyowashawishi watu kwamba ulimwengu unatanuka. Kwa anayetaka kuielewa korelesheni (kipimo cha jinsi namba za aina mbili zinavyokwenda pamoja kwenye mstari; alama yake ni r, na 1 ni mstari kamili), sioni data inayolishinda, kwa sababu lina kisirani ndani yake: uhusiano uliopimwa ni wa kweli, r yake ni ya heshima, lakini karibu kila umbali uliomo umekosewa, na baadhi umekosewa mara nane. Na r haikuonyesha dalili yoyote.

Namba zenyewe ni hizi, msomaji azijaribu mwenyewe. Umbali uko kwa megaparseki (Mpc moja ni miaka ya mwanga milioni 3.26), kasi kwa kilomita kwa sekunde. Alama ya kutoa ina maana galaksi inakuja upande wetu. NGC ni orodha ya vitu vya angani, na namba ni ya galaksi katika orodha hiyo.

| Galaksi | Umbali | Kasi |
|---|---|---|
| Wingu Dogo la Magellan | 0.032 | 170 |
| Wingu Kubwa la Magellan | 0.034 | 290 |
| NGC 6822 | 0.214 | -130 |
| NGC 598 | 0.263 | -70 |
| NGC 221 | 0.275 | -185 |
| NGC 224 (Andromeda) | 0.275 | -220 |
| NGC 5457 | 0.45 | 200 |
| NGC 4736 | 0.5 | 290 |
| NGC 5194 | 0.5 | 270 |
| NGC 4449 | 0.63 | 200 |
| NGC 4214 | 0.8 | 300 |
| NGC 3031 | 0.9 | -30 |
| NGC 3627 | 0.9 | 650 |
| NGC 4826 | 0.9 | 150 |
| NGC 5236 | 0.9 | 500 |
| NGC 1068 | 1.0 | 920 |
| NGC 5055 | 1.1 | 450 |
| NGC 7331 | 1.1 | 500 |
| NGC 4258 | 1.4 | 500 |
| NGC 4151 | 1.7 | 960 |
| NGC 4382 | 2.0 | 500 |
| NGC 4472 | 2.0 | 850 |
| NGC 4486 | 2.0 | 800 |
| NGC 4649 | 2.0 | 1,090 |

(Mbili za mwanzo hazihitaji darubini. Aliyeko Mtwara au Dar, mbali na taa za mji, jioni ya Januari akitazama kusini ataliona Wingu Kubwa la Magellan kwa macho yake. Hubble, aliyekuwa California, asingeweza.)

Namba zilitoka wapi

Swali hili hutangulia fomula. Kasi zilisomwa kwenye spektra: mwanga wa galaksi ukitawanywa, mistari yake huonekana imesogea kuelekea nyekundu kama galaksi inakwenda mbali, au kuelekea bluu kama inakuja. Nyingi ya kasi hizo zilikuwa kazi ya Vesto Slipher wa kituo cha Lowell, Arizona, na zilikuwa sahihi kiasi cha kutosha.

Umbali ndio uliokuwa kazi ngumu. Kwa galaksi saba za kwanza Hubble aliegemea nyota moja moja zilizochunguzwa kwa kina, hasa sefeidi, zile nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpigo. Henrietta Leavitt alikuwa ameonyesha mwaka 1912 kwamba sefeidi yenye mpigo mrefu ina mwangaza mkubwa zaidi. Ukijua mwangaza halisi na ukaona unavyofifia hadi kukufikia, umeupata umbali. Kwa 13 zilizofuata sefeidi hazikuonekana, kwa hiyo alichukua nyota angavu kuliko zote katika kila galaksi na kudhani kwamba kikomo cha mwangaza wao ni kimoja kila mahali. Nne za mwisho zimo katika Kundi la Virgo, kundi la galaksi zilizokaa pamoja, nazo zote zilipewa umbali mmoja wa kundi: 2.0.

Tazama pia NGC 221 na NGC 224. Ya kwanza ni galaksi ndogo iliyo jirani ya Andromeda, na umbali wake haukupimwa peke yake. Ulinakiliwa kutoka kwa Andromeda. Basi mistari 24 ya jedwali si vipimo 24 vinavyojitegemea. Hubble mwenyewe alifanya hesabu mara mbili: mara moja kwa galaksi 24, mara ya pili kwa kuzikusanya katika makundi 9.

Hesabu, hatua kwa hatua

Chora chati ya nukta kwanza: umbali chini, kasi pembeni. Nukta zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia, zimetawanyika sana, lakini hakuna pinda la wazi. Laiti zingekuwa zimekunjika kama upinde, tungeishia hapo, maana r hupima unyoofu tu na uhusiano uliopinda huipotosha.

Wastani wa umbali ni 21.873 ÷ 24 = 0.911. Wastani wa kasi ni 8,955 ÷ 24 = 373.1. Kwa kila galaksi toa wastani, upate mkengeuko wa umbali na mkengeuko wa kasi, kisha zidisha miwili hiyo. Andromeda ina mikengeuko −0.636 na −593.1, zao lake ni 377, nalo ni chanya kwa sababu iko chini ya wastani kwa pande zote mbili. NGC 4649 ina 1.089 na 716.9, zao ni 780. NGC 3627 ina mkengeuko mkubwa wa kasi, 276.9, lakini umbali wake uko karibu kabisa na wastani, kwa hiyo zao lake ni −3 tu. Haina sauti.

Jumlisha safu tatu: mazao ya mikengeuko yanatoa 4,352.3, mikengeuko ya umbali ikipigwa mraba inatoa 9.5833, ya kasi ikipigwa mraba inatoa 3,170,091. Kisha:

r = 4,352.3 ÷ √(9.5833 × 3,170,091) = 4,352.3 ÷ 5,511.8 = 0.79

Wastani usiukate mapema. Beba desimali zote hadi mwisho, ukate jibu.

Mteremko wa mstari unaopita katikati ya nukta hutoka kwenye namba zilezile: 4,352.3 ÷ 9.5833 = 454 km/s kwa kila Mpc. Mstari unakata mhimili wa kasi kwenye −41. Hubble hakutumia mstari huu wa kawaida moja kwa moja. Jua letu nalo linakwenda, na mwendo huo unaongeza kasi ya galaksi za upande mmoja wa anga na kupunguza za upande wa pili, kwa hiyo alitafuta mwendo wa Jua na mteremko kwa pamoja, kwa njia ya miraba midogo kabisa. Alipata 465 kwa galaksi 24 na 513 kwa makundi 9, akatumia takriban 500.

Nani aliibeba 0.79

Ile jumla ya 4,352 haikuchangiwa sawasawa. Galaksi nne za Virgo peke yake zimetoa 1,902, yaani asilimia 44. Andromeda na jirani yake NGC 221 wametoa 733, asilimia 17. Galaksi sita kati ya 24 zimebeba zaidi ya nusu ya uhusiano wote, na hizo sita ndizo zilezile zenye umbali wa kugawana: mbili zina namba moja, nne zina namba moja. Kosa kwenye umbali wa Virgo lisingekuwa kosa la nukta moja. Lingekuwa kosa la ncha nzima ya mstari, na ndivyo ilivyokuja kuwa.

Sasa igawe data. Chukua galaksi 15 zilizo chini ya 1 Mpc: r inashuka hadi 0.48. Chukua 9 zilizobaki: r ni 0.39. Data ni zilezile, sheria ya maumbile ni ileile, lakini ukikata masafa katikati kila kipande kinaonekana dhaifu. Sababu iko kwenye mgawanyo wa fomula. Mtawanyiko wa kasi unaotokana na mivutano ya galaksi jirani haupungui ukikata masafa, ila tofauti ya umbali inapungua, basi kelele inaufunika mwelekeo. Ukienda hadi mwisho wa njia hiyo, ukachukua zile nne za Virgo tu, kasi zinatoka 500 hadi 1,090 huku umbali ukiwa 2.0 kwa zote. Jumla ya miraba ya umbali ni sifuri, r inakuwa sifuri chini ya sifuri, na programu inarudisha kosa la kugawa kwa sifuri. Wengi huliandika hilo kama "hakuna uhusiano". Si kweli: hapo hakuna kipimo.

Kwa hiyo anayesoma r ya mtu mwingine aulize masafa yalikuwa yapi. Kulinganisha 0.48 ya utafiti mmoja na 0.79 ya mwingine bila kujua hilo ni kupima vitambaa kwa mikono ya watu wawili.

Ni sahihi kwa kiasi gani hiyo 0.79? Kwa nukta 24, njia ya Fisher inageuza r kuwa z = 1.070, kosa lake la kawaida ni 1 ÷ √21 = 0.218, na ukiongeza na kutoa mara 1.96 kisha ukarudisha, masafa ya asilimia 95 (ambamo r ya kweli inatarajiwa kuwamo) yanakuwa 0.57 hadi 0.90. Ni mapana, na yanadhani nukta zinajitegemea, jambo ambalo tumeliona si kweli. Yachukulie kuwa ya huruma.

Ambalo r halisikii

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Fanya majaribio matatu kwenye data hizi.

La kwanza: sahau alama za kutoa, ziandike kasi zote kama chanya. Hili hutokea kweli, mtu anaponakili kwa mkono kutoka kwenye picha ya ukurasa wa zamani. Galaksi tano zinazotusogelea zinageuka kuwa zinazotukimbia, Andromeda ikiwamo. r inakuwa 0.78. Mteremko unaanguka kutoka 454 hadi 372, na mstari sasa unakata mhimili kwenye +87 badala ya −41.

La pili: nakili jedwali kutoka faili ya PDF hadi Excel. Alama ya kutoa iliyopigwa chapa mara nyingi si kistari cha kibodi, kwa hiyo Excel inaiona −220 kama maandishi. CORREL, fomula ya Excel ya kuhesabu r, hailalamiki, inaziruka jozi hizo tano na kuhesabu 19. r inakuwa 0.77. Mteremko ni 351. Kinga yake ni =COUNT(C2:C25) kabla ya kitu kingine chochote: ikitoa 19 badala ya 24, simama. Seli zilizoegemea kushoto zenyewe nazo husema, kwani Excel huegemeza namba kulia.

La tatu: zidisha kila umbali kwa 7. r inabaki 0.79 hadi desimali ya mwisho. Mteremko unakuwa 65.

Data nne tofauti, tatu kati yake zimeharibiwa au kugeuzwa kwa makusudi, na r ni 0.79, 0.78, 0.77 na 0.79. Anayeripoti r peke yake hawezi kuzitofautisha. Sababu ni ya kimuundo, si ya bahati: kugawanya kwa √ ya miraba kunafuta kizio cha kila upande. Kilomita au maili, megaparseki au miaka ya mwanga, rula iliyonyooka au rula iliyorefushwa mara saba, yote ni mamoja kwa r. Inajibu swali moja tu: nukta zimekaribia kiasi gani kulala kwenye mstari mmoja, mstari wowote.

Na jaribio la tatu ndilo lililotokea katika historia. Mteremko wa leo ni karibu 70, si 500. Kugawa 1 kwa mteremko hutoa makadirio ya umri wa ulimwengu: kwa 500 unapata takriban miaka bilioni 2. Dunia yetu ina bilioni 4.54. Mtoto akawa mkubwa kuliko mama, na fumbo hilo liliwasumbua wanafalaki kwa zaidi ya miaka 20.

Hitilafu ilikuwa kwenye umbali, katika ngazi mbili. Mwaka 1952 Walter Baade alieleza katika mkutano wa wanafalaki mjini Roma kwamba sefeidi ni za aina mbili zenye mwangaza tofauti, na zilikuwa zimechanganywa. Kurekebisha hilo tu kuliongeza umbali mara mbili hivi. Kisha Allan Sandage alionyesha kwamba nyingi ya zile "nyota angavu kuliko zote" hazikuwa nyota bali mawingu ya gesi yenye kung'aa, ambayo yana mwanga mwingi zaidi ya nyota yoyote. Ukidhani wingu ni nyota, unadhani liko karibu. Mwaka 1958 Sandage alifikia takriban 75.

Marekebisho hayakuwa sawa kwa wote, na hili linafaa kuangaliwa kwa makini. Wingu Kubwa la Magellan limetoka 0.034 hadi karibu 0.05, mara moja na nusu. Andromeda kutoka 0.275 hadi karibu 0.78, chini ya mara tatu. Virgo kutoka 2.0 hadi karibu 16.5, zaidi ya mara nane. Kosa lilikua kadiri unavyokwenda mbali, kwa kuwa umbali hupimwa kama kupanda ngazi, njia ya mbali ikiegemea njia ya karibu, na kila daraja lilijengwa juu ya kosa la daraja la chini. Hata hivyo mpangilio wa jumla wa karibu na mbali ulihifadhiwa, na hilo lilitosha kuiweka r juu.

Kosa la kawaida la mteremko wa 454 kwa hesabu ya vitabuni ni 75, na masafa ya asilimia 95 yanatoka 298 hadi 610. Jibu la leo haliko ndani yake, wala halikaribii. Masafa hayo yanapima mtawanyiko wa nukta kuzunguka mstari, basi. Kosa linalozisukuma nukta zote upande mmoja halina pa kuonekana ndani yake, na kuongeza nukta 1,000 zilizopimwa kwa rula ileile kungeyabana masafa kuzunguka jibu baya.

Mistari miwili

Jambo la mwisho la kihesabu ambalo wengi huliruka. r haijali kipi ni x na kipi ni y. Mteremko unajali. Ukibashiri kasi kutokana na umbali unapata 454. Ukibashiri umbali kutokana na kasi, kisha ukapindua jibu, unapata 3,170,091 ÷ 4,352.3 = 728. Gawa 454 kwa 728: 0.62, ambayo ni r². Pengo kati ya mistari miwili ndilo r² inalolipima. R ingekuwa 1, mistari ingelaliana.

Upi ni sahihi hapa? Mstari wa kawaida unadhani x haina kosa na makosa yote yako kwenye y. Katika jedwali hili ni kinyume: kasi zimepimwa vizuri, umbali ni wa kubahatisha. Kosa la nasibu kwenye x hulaza mteremko, hulitandaza wingu la nukta kwa upana. Lakini kasi nazo zina mtawanyiko wake wa asili, kwa hiyo 728 pia si jibu. Ukweli wa data hizi uko mahali fulani katikati, na 500 ya Hubble ilikuwa chaguo la busara kwa alichokuwa nacho.

Jaribio lililomaliza ubishi kuhusu unyoofu halikuwa kuiboresha r bali kurefusha masafa. Milton Humason alikuwa ameshapima NGC 7619 na kupata 3,779 km/s, zaidi ya mara tatu ya kasi kubwa kuliko zote jedwalini. Mwaka 1931 Hubble na Humason walichapisha galaksi zinazofikia takriban 20,000 km/s. Kwenye masafa hayo ule mtawanyiko wa mia kadhaa, uliokuwa ukiifanya chati ya 1929 ionekane kama mchele uliomwagika, unakuwa unene wa mstari tu. Mteremko wao bado ulikuwa zaidi ya 500, kwa sababu rula ilikuwa ileile.

Siku hizi galaksi na nyota zinazolipuka zimepimwa kwa maelfu, na kwa zile za karibu kiasi unyoofu hauna mbishi. Kinachobishaniwa ni kama mteremko ni karibu 73, unavyotoka kwenye ngazi ya sefeidi, au karibu 67, unavyotoka kwenye mnururisho wa kale wa ulimwengu. Wanaoichunguza ile 73 wanaanzia daraja la chini kabisa: sefeidi za jirani, pamoja na umbali wa lile Wingu Kubwa la Magellan ambalo kwenye jedwali la 1929 liko mstari wa pili.